Mwito wa Mara Moja

Aimée alifuta mstari mmoja katika programu ya kaka yake, ule uliorudia mwito. Kwake ulikuwa kosa.

Kaka yule alishuka hadi mji wa Kamanyola mwaka jana, hakuonekana tena. Sauti yake ilibaki ndani ya kompyuta, ikimwita mama yao saa ya dawa. Kaka alijua lugha moja tu ya kompyuta. Aimée alikuwa na tatu, na kila mpya ilimwonyesha uchafu wa ile ya zamani. Ndiyo maana akaiandika upya programu hiyo, safi.

"Maman, kunywa dawa!" kompyuta ikaita kwa sauti ya kaka.

Siku zote Maman huitika kwa jina la kumbembeleza mwanawe, "Ndiyo papa, nakunywa." Leo kikombe kilisimama mdomoni. Chai ikamwagikia kitenge, hakuipangusa. Alikuwa anangoja.

"Maman, itika basi," Aimée akasema.

"Ameniita mara moja," akasema polepole. "Mwenye anaita mara moja hatumuitike, mutoto yangu. Huyo ni mufu. Ndugu yako alikuwa ananiita mara mbili, nikajua iko muzima."

Aimée akaurudisha mstari.

"Maman! Maman!" kompyuta ikaita.

Lakini Maman alikuwa ameshavua viatu, ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha, kama wanavyoketi wafiwa.