Mama wa Hasi Tatu

Mwalimu mpya wa hesabu alifika kwenye jibu la swali ubaoni akaganda: umri wa mama umetoka hasi tatu! Na mkuu wa shule yuko dawati la nyuma, amekuja kuamua kama mwalimu huyo atabaki au afungashe virago.

Mwalimu akashika kifutio. Akakirudisha.

"Jamani, nimekosea. Nani anaona wapi?"

Darasa zima likaangua kicheko. "Madam, huyo mama hajazaliwa!"

Yule binti wanayemwita Kimya, asiyefunguaga mdomo, akaja mbele, akachukua chaki iliyolowa jasho la mwalimu. "Hapa. Saba imevuka upande wa pili wa mlinganyo, alama yake haikubadilika."

"Asante, mdogo wangu. Asante sana!"

Nyuma kule mkuu alikuwa bado amenyoosha kidole. "Na mimi niliiona, madam. Kesho niwekee nafasi mbele."