Fremu Mpya ya Mkiwa

Mkiwa alikaza skrubu ya nane, akaifunga rili yake kuukuu ya kuzungushia mshipi kwenye ufito wa kuvulia. Wiki iliyopita jodari aliipinda fremu ya rili hiyo, akaenda zake, na Nahodha Faki akampa mtu mwingine nafasi ya Mkiwa chomboni. Sasa rili ilikuwa na fremu nene ya alumini aliyoinunua peke yake na kuipiga tupa siku mbili mpaka ikakaa.

"Umemvisha maiti koti jipya," Faki alisema pale gatini, na mabaharia wakacheka. "Nunua rili nyingine, dada, au kauze vitumbua."

"Vitumbua nitakula chomboni mwako, nahodha. Funga mshipi huu wa rili kwenye mkanda wako."

"Mimi?"

"Unaogopa maiti?"

Mabaharia walipiga mbinja. Faki akaufunga mshipi, akarudi nyuma hatua ishirini, akajikita. Mkiwa aliibana breki mpaka mwisho, akaanza kuzungusha mkono wa rili. Mshipi ulikaza ukalia. Fremu haikupinda hata kidogo. Kandambili za Faki zikaanza kuteleza juu ya saruji, na Mkiwa akaendelea kuzungusha.