Bangili na Albamu ya Mwanasha

Hapa Tanga hakuna mhakiki wa muziki kunizidi, ingawa kazi yote hufanywa na bangili, mimi natoa mkono tu. Siku hizi bangili husoma mapigo ya moyo na miondoko ya msikilizaji, ikatangaza hukumu kwa sauti, na msanii akifaulu huchukuliwa ziarani miaka mitatu.

Jana niliipima albamu ya kwanza ya mjukuu wangu Mwanasha, yenye vinanda vya umeme vya enzi za usichana wangu. Tunaishi wawili tu.

“Bibi, umeionaje?”

“Masufuria yanagongana, mke mwenzangu.”

Bangili ikadakia: “Wimbo wa nne ameurudia mara tisa. Kwenye kiitikio alisimama, akacheza.”

Mwanasha akanitazama miguu.

“Alisimama? Bibi, miezi sita nakubeba mgongoni mpaka msalani!”