Mbao Nane za Bwana Ludgrove

Mfuko wa arobaini wa mchanga ulipowekwa, bawa lilitoa mlio, na karakana nzima ikawa kimya.

Bawa lilikuwa limefungwa kwenye viunzi, tumbo juu, ili mchanga ulipinde upande uleule ambao upepo ungelipinda angani. Mafundi wawili walisimama na mfuko wa arobaini na moja mikononi, wakimtazama Hester Quayle, mwanamke aliyeichora ndege ile.

"Mnaningoja nini? Wekeni!"

Wakaweka. Bawa likatulia.

Bwana Ludgrove, mkaguzi wa serikali kutoka London, alicheka. Alikuwa ameketi na chai yake kwenye benchi refu kando ya ukuta. "Unaona, bibie? Ile boriti yako ya kwanza ingekwisha hapohapo kwenye arobaini. Sasa hivi ungekuwa unaokota vijiti."

Hester hakumjibu. Jamani, na alivyo na mdomo yule mwanamke! Miezi miwili mizima alikuwa amebishana naye kwa barua na kwa simu. Boriti ya ndani ya bawa ni nyembamba mno, alisema Ludgrove. Iongezwe mbao nane, la sivyo hakuna jaribio, na bila jaribio hakuna kibali. Hester akamwambia hesabu zake hazina kosa. Ongeza mbao, alisema, na ndege haitaweza tena kuinuka kwenye malisho ya ng'ombe na watu wawili na sanduku lao. Itakuwa ndege ya mtu mmoja na mswaki wake, na nani ataitaka? Tajiri wa karakana naye alishatamka kwamba ikizidi uzito anafunga mradi, na kila mtu akatafute kazi kwingine.

Ludgrove akajibu kwa maneno machache: mbao nane, au basi.

Siku ile Hester aliikunja barua, akaenda ghalani, akatoa mbao nane kwa sahihi yake mwenyewe. Hakupiga kelele, hakutukana mtu. Wiki nzima iliyofuata karakana ilinuka gundi.

"Hamsini na mbili," alihesabu Amos Pellow, fundi mkuu.

Ludgrove alifungua faili lake. "Zile mbao zilitumika zote?"

"Zote nane, bwana. Tumezipiga randa, tumezitia gundi. Hakikubaki hata kipande cha kuwashia moto."

"Na mbona mmelishonea bawa kitambaa kabla sijaona ndani?"

"Barua yako ilisema bawa lije kama litakavyoruka," alidakia Hester. "Haliruki uchi."

Mafundi waliangua kicheko. Ludgrove naye akatabasamu. Mtu aliyeshinda akasirike kwa nini? Alinyoosha miguu, akaegemea ukuta. "Angalau siku hizi mna pa kumkalisha mgeni. Mara ya mwisho mlinipa kreti, nikarudi London na suruali imeraruka."

"Tulikufikiria, bwana," alisema Amos, akamwongezea chai.

Mfuko wa sitini ukawekwa. Bawa lilikuwa limepinda, lakini zima.

"Imetosha," alisema Ludgrove. "Sheria inasema sitini."

"Haijatosha. Endeleeni."

"Bibie, likivunjika sasa utalaumu nani?"

"Sheria ni yako, bawa ni langu. Nimesema endeleeni!"

Wakaendelea. Sitini na tano. Sabini. Amos alikuwa anatokwa na jasho, na Februari ile ya Kent ilikuwa na baridi ya kupasua midomo. Kwenye sabini na tano alifuta mikono kwenye aproni yake.

"Mchanga umekwisha," alisema.

Hester alimwendea Ludgrove, akamwekea kalamu mbele. "Andika."

"Niandike nini?"

"Ulichokiona kwa macho yako. Kwamba bawa hili, kama lilivyo hapa leo, limebeba mifuko sabini na mitano. Usiongeze neno."

Ludgrove akaandika, akatia sahihi, akagonga muhuri. Hester aliupuliza wino mpaka ukakauka, akampa Amos ile karatasi. Amos akaitia mfuko wa ndani wa koti na kufunga kifungo.

"Haya, sasa tuseme ukweli," alisema Ludgrove, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Umenisumbua sana, lakini sina kinyongo. Wewe kubali tu mbele ya watu wako kwamba mbao zangu zilikuwa na kazi."

"Zina kazi, Bwana Ludgrove," alisema Hester. "Umezikalia tangu asubuhi."