Historia Ndefu ya Kikosi cha Mbayuwayu

Mbayuwayu walikuwa na kikosi chao cha kumfukuza Mwewe, na kikosi hicho kilikuwa na desturi moja. Kabla ya kuruka vitani, wote walijipanga kwenye tawi, na kamanda wao, Mzee Kishungi, akawasimulia historia ya kikosi tangu vita vya kwanza. Hakuna aliyeruhusiwa kuruka kabla haijaisha.

Kila mwaka historia ilirefuka. Mwewe naye aliijua desturi hiyo.

Siku moja alionekana akielekea kiota cha Nyamizi, mama wa makinda watatu. Kikosi kikajipanga kwenye tawi, na historia ikaanza.

"Mwewe huyo! Twendeni!" alilia Nyamizi.

"Tulia, binti yangu," alisema Kishungi. "Ndiyo kwanza tuko vita vya tatu, babu yangu alipomng'oa Mwewe unyoya wa mkia."

"Babu yako namheshimu, Mzee, lakini leo hatakuja."

Akaruka peke yake. Mwewe alikuwa akishuka taratibu bila kugeuka nyuma, maana alijua vita vya nne bado. Nyamizi akamdonoa kisogoni, akamdonoa mkiani, mpaka Mwewe akakimbia bila kinda hata mmoja.

Nyamizi aliporudi, Kishungi alifoka, "Umenikatiza! Sasa nitaimaliziaje historia?"

"Imalizie kwa huu," alisema Nyamizi, akamwekea miguuni unyoya wa mkia.

Tangu siku hiyo mbayuwayu husimulia historia yao wakiwa angani. Ndiyo maana hawaruki kimya.