Utepe Mwekundu Kwenye Kiota

Haya alinisimulia mjukuu wangu jana jioni, akiosha matope miguuni. Yeye ndiye dereva wa katapila kwenye ule mtaro wa bomba la maji unaokatiza kinamasi.

Alikuwa ameshainua mkono wa katapila achimbe, akaona kitu chekundu kwenye matete. Akazima mashine.

Msimamizi akaja mbio. "Dada, umelala? Leo tunamaliza hapa!"

"Njoo uone, mzee."

Kilikuwa kiota cha korongo, mayai mawili. Ndege alikuwa ameuchomoa utepe kwenye kigingi cha wapimaji, akayatandikia mayai yake kama shuka.

"Ndege tu huyo! Chimba, au kesho usije."

Mjukuu wangu akachomoa ufunguo, akamwekea kiganjani. "Basi chimba wewe, baba. Mkono wangu umekataa."

Nimemlea mimi, lakini moyo ule sijui kautoa wapi.

Msimamizi akainama, akagusa yai moja kwa kidole. Lilikuwa na joto. Akang'oa kigingi mwenyewe, akahesabu hatua thelathini pembeni, akakipigilia kwa jiwe ili mtaro upite huko, kisha akamrudishia mjukuu wangu ufunguo.

"Na utepe je?" nikamuuliza mjukuu wangu.

Alikuwa ameshalala kitini, miguu ndani ya beseni, ufunguo wa katapila mkononi.