Jina la Saba Ubaoni

Majina ya wabunge wote wa jimbo lile, tangu uchaguzi wa kwanza, aliyaandika fundi Mbwambo kwa rangi kwenye ubao ukutani mwa ukumbi wa wilaya. Matokeo yalipotangazwa, Bi Nakiete, mgombea aliyeshindwa, aliingia ukumbini akaligusa jina la mshindi, la saba, kwa kidole chenye wino wa kura. Lilikuwa kavu.

"Fundi, rangi hii hukauka kwa siku ngapi?"

"Mbili, mama."

"Na kura tumepiga jana."

Mbwambo aliinamisha kichwa. "Kura yangu nilikupa wewe, mama. Nilipanga foleni tangu alfajiri."

"Ulikuwa umeshaliandika?"

Mbwambo alikikunja kidole chake cha wino ndani ya kiganja, akakifumbata kama mtu aliyeshika kitu cha wizi.